Gyeongju au Buyeo?

Hili swali la mji upi wa kale wa Korea Kusini wa kutembelea haliishi. Gyeongju ilikuwa mji mkuu wa ufalme wa Silla mpaka 935, Buyeo wa ufalme wa Baekje toka 538 hadi ulipoanguka 660. Kwa usafiri Gyeongju inashinda, treni ya kasi ya KTX toka Seoul kama masaa mawili, ila stesheni iko nje ya mji bado utapanda basi. Buyeo treni hakuna, basi tu.

Vya kuona Gyeongju ni vingi mno, makaburi ya wafalme yako katikati ya mji kama vichuguu vikubwa vilivyoota nyasi, la Cheonmachong unaingia mpaka ndani, hekalu la Bulguksa nalo liko mbali kidogo so siku moja haitoshi, na wikendi watu balaa. Buyeo unaona mnara wa mawe wa hekalu la kale la Jeongnimsa, unapanda kilima cha Busosan, unashuka mtoni unachukua boti, kimya mpaka raha.

Una siku mbili na watoto, Gyeongju. Umechoka foleni, Buyeo.