Nilivyotolewa mfuko wa nyongo kwa matundu madogo, Kampala

Maumivu yalikuwa yakinishika usiku chini ya mbavu za kulia, hasa nikila chapati za mayai au nyama ya mafuta. Nilitibiwa vidonda vya tumbo kwa muda mrefu, mpaka altrasaundi ikaonyesha mawe kwenye mfuko wa nyongo. Daktari akasema utolewe mfuko wote, maana ukitoa mawe peke yake mengine hujitengeneza.

Nilichagua upasuaji wa matundu madogo katika hospitali moja ya binafsi. Dada yangu alipasuliwa kwa mkato mrefu, na nilimwona alivyoteseka hata kukohoa. Mimi nina matundu manne, moja kitovuni. Unapigwa nusukaputi, tumbo linajazwa gesi ya kaboni dioksidi ili ipatikane nafasi, kisha kamera inaingizwa na daktari anafanya kazi akitazama skrini. Jioni ileile nilikwenda msalani kwa miguu yangu. Alhamdulillah.

Kilichonitisha ni bega la kulia. Liliniuma kuliko tumbo, nikadhani ni moyo. Muuguzi wa zamu ya usiku ndiye aliyenieleza: gesi iliyobaki huwasha kiwambo, yaani msuli wa kupumulia unaotenga kifua na tumbo, na kwa kuwa neva ya kiwambo inatoka shingoni, maumivu husikika begani. Kutembeatembea kukayapunguza. Lakini mgonjwa anapaswa kuambiwa haya kabla ya kutia saini, na kwa hilo siwapi alama zote.

Bei ilizidi ya upasuaji wa kawaida, na makadirio ya mwanzo hayakuhesabu kipimo cha maabara cha mfuko uliotolewa. Dai bei nzima kwa maandishi, pamoja na itakavyokuwa wakilazimika kufungua tumbo. Hutokea: mfuko ukiwa umevimba sana au umegandamana na ini, daktari mwangalifu huiacha kamera na kufungua, na huko si kushindwa. Muulize pia ameshafanya upasuaji wa aina hii mara ngapi. Wangu alivuta kiti akanijibu bila kuchukia, nikamwamini.

Wenzangu wa Bombo, kaskazini mwa Kampala, na mbali zaidi, siku ya kuruhusiwa msibanane kwenye taksi, yaani basi dogo la abiria. Tafuteni gari la ndugu, mto mdogo tumboni kwa ajili ya matuta. Na ukiona homa, tumbo linazidi kuuma au macho yanageuka manjano, rudi hospitali siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki.