Twiga wa mwanangu alifutwa kwa sponji: uzoefu wangu wa safari ya watoto Jingdezhen

Naanza na sponji, maana ndiyo iliyonikaa kooni mpaka leo. Sponji ya njano ya kuoshea vyombo. Mwalimu wa ile safari aliichovya kwenye ndoo, akaikamua mara moja, akampitishia twiga aliyechorwa na mwanangu kwenye bakuli, kuanzia pembe hadi kwato. Hakuuliza wala hakusema samahani. Alilisukuma bakuli mbele ya mtoto, akamwambia: chora samaki kama wenzako.

Bei na ratiba sitaandika, ziko kwenye tangazo la kampuni iliyoandaa safari. Nawaandikia wazazi wenzangu mlioko Guangzhou, Yiwu na miji mingine ya huku China, mnaotafuta pa kumpeleka mtoto wakati wa likizo ajue utamaduni na mazingira ya nchi anayokulia. Mimi nililipa kwa moyo mweupe kabisa. Binti yangu ana miaka tisa, kazaliwa Malindi, anasoma shule ya huku, na Kichina chake kinanishinda mimi ninayekitumia kununulia mizigo. Kila siku darasani anasikia kuhusu kauri, vile vyombo vya udongo mweupe, ya mji wa Jingdezhen, nikasema basi akaione inakotoka. Tulikuwa watoto kama ishirini, wazazi tunafuata nyuma, na wageni ni sisi wawili tu.

Haki ya mtu apewe: siku ya kwanza ilinifurahisha kuliko safari yoyote niliyomfanyia. Tulipelekwa Yaoli, kijiji cha zamani milimani, mianzi kila upande, na kijito cha maji safi kinapita katikati ya nyumba. Pale kuna michi mikubwa ya mbao inayotwanga mawe kwa nguvu ya maji. Gurudumu linazunguka, mchi unanyanyuka, unadondoka, tuu, tuu, na jiwe ndani ya kinu linalainika hadi linakuwa jeupe kama unga wa muhogo. Watoto walivua viatu wakaingia majini. Mzee mmoja aliwaachia washike ule unga, wakapakana mashavuni. Wakaelezwa kwamba unga wa jiwe peke yake hautoshi, unachanganywa na udongo mweupe ambao dunia nzima unaitwa kaolini kwa sababu ya kilima cha Gaoling, hapo hapo jirani. Wakaelezwa pia kuhusu mto Chang, ulivyokuwa ukibeba vyombo kwa mashua mpaka ziwa Poyang, ziwa ambalo korongo weupe kutoka Siberia, karibu wote waliobaki duniani, huja kupitisha msimu wa baridi. Binti yangu aliyashika yote hayo. Jioni nilikuwa tayari nimeshaandika kichwani nyota tano.

Siku ya pili tukaenda kwenye makumbusho ya tanuri la wafalme. Hapo ndipo alipogundua jambo mwenyewe. Tuliambiwa kwamba zamani chombo cha mfalme kikitoka tanurini na dosari yoyote kilivunjwa kikafukiwa, asije mtu mwingine akakitumia. Wachimbaji wa siku hizi wamefukua vile vigae na kuviunga upya, unaona nyufa zote. Binti yangu alisimama mbele ya bakuli moja la buluu na nyeupe, akanivuta mkono: "Mama, haya ni kama yale ya Mambrui."

Wa pwani mnaelewa. Likizo moja nyanyake alimpeleka Mambrui, kaskazini ya Malindi, akamwonyesha kaburi la nguzo lililopambwa kwa mabakuli ya Kichina. Gedi nako vimechimbuliwa vigae vya aina hiyo hiyo. Na mwaka 2010 wachimbaji wa Kenya na China walipata pale Mambrui sarafu ya zama za Yongle, mfalme wa China. Yaani hivi vitu kwa mtoto wa Malindi si hadithi ya watu wa mbali, viko makaburini kwetu. Nilijisikia fahari, nikamwambia kesho utachora.

Na kuhusu twiga, ni mimi niliyemsimulia tukiwa kwenye treni. Mwaka 1414 mfalme wa Bengal, upande wa India, alimpelekea Yongle twiga. Mwaka uliofuata, 1415, wakaja wajumbe wa Malindi na mnyama wao. Wakuu wa ikulu walipomwona walisema huyu ni qilin, mnyama wa baraka ambaye Wachina huamini hutokea pale nchi inapotawaliwa kwa haki. Shen Du, mwandishi wa ikulu, alimtungia sifa yule wa kwanza, na upo mchoro wake, twiga kasimama na mtunzaji ameshika kamba. Wajapani mpaka leo wanamwita twiga kirin, jina ni lile lile. Kisha meli za Zheng He, amiri wa majeshi ya baharini wa Yongle, zikawarudisha wajumbe kwao, zikafika mpaka pwani yetu. Mtoto aliniuliza twiga alilala vipi ndani ya jahazi. Sikuwa na jibu, na swali lake lilinipendeza.

Basi siku ya tatu, karakana. Kila mtoto akapewa bakuli ambalo halijachomwa, kavu, jepesi, ukiligusa vidole vinabaki na vumbi kama la chaki. Rangi ni kobalti, lakini usitarajie buluu: kwenye brashi ni nyeusi kama masizi, ubuluu unatoka motoni. Na bakuli linakunywa. Brashi ikigusa tu, maji yanazama papo hapo, mkono ukisita unaacha doa. Binti yangu alichora polepole, ulimi nje. Jahazi chini, twiga juu yake, na shingo ameizungusha na mduara wa bakuli hata kichwa kikakaribia kukutana na mkia. Mimi ni mama yake, lakini wallahi hata asingekuwa wangu ningesimama kumtazama.

Mwalimu akapita. "Hiki nini?" Mtoto akajibu kwa adabu, "Ni twiga, mwalimu, alitoka kwetu kuja kwa mfalme." Yule mama akasema, na maneno haya nayakumbuka moja moja: leo tunachora utamaduni wa Kichina, twiga ni wa Afrika. Ndipo sponji.

Binti yangu hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alikaza macho kwenye lile bakuli lenye ukungu wa kijivu, akaniambia kwa Kiswahili, sauti chini, "Mama, amemfuta."

Niliinuka. Kichina changu ni cha sokoni, ni cha bei na uzito na tarehe ya meli, lakini nilikikusanya chote nikamweleza mwaka, nikamtaja Yongle, nikamtaja qilin. Alitabasamu, akasema muda hautoshi, akahamia meza nyingine. Wazazi wengine wakainamia simu zao. Mmoja tu, mama mwenye pacha, alikuja akamwekea binti yangu mkono begani, akakaa naye mpaka akamaliza samaki.

Kinachoniuma si utovu wa adabu peke yake. Huyu ni mtu aliyelipwa kufundisha urithi wa China, na urithi wenyewe haujui. Asubuhi ile ile yeye mwenyewe aliwaambia watoto kwamba buluu bora ya mwanzo wa enzi ya Ming, enzi ya Yongle huyo huyo, ilitoka Uajemi. Kwa hiyo rangi ya Mwajemi ni utamaduni wa Kichina, bakuli likivuka bahari mpaka Mambrui ni utamaduni wa Kichina, ila mtoto wa upande wa pili wa bahari hiyo hiyo akichora alichotuma babu yake, anafutwa? Mtoto aliunganisha michi ya Yaoli, tanuri la mfalme na kaburi la kwao, kwa siku tatu, bila kuambiwa na mtu. Ungemtakia nini zaidi mwanafunzi?

Niliwaandikia kampuni usiku ule ule kwenye kikundi chao nikataka pesa zangu. Nikajibiwa kwa ujumbe mrefu wenye maua mengi na ahadi ya kupunguziwa bei safari ijayo. Sikutaka safari ijayo. Nikaweka nyota moja, na kama ingewezekana kutoweka hata hiyo nisingeiweka.

Sasa nieleze kwa nini nimeibadilisha.

Wiki kadhaa zikapita, bakuli likaletwa nyumbani, limefungwa kwa majani makavu na karatasi, halina hata mkwaruzo. Binti yangu hakutaka kulifungua, nikalifungua mimi. Samaki yule pale, buluu ya kukolea, anang'aa. Nikaligeuza kwenye mwanga wa dirisha. Nyuma ya samaki kulikuwa na mstari mwembamba, buluu hafifu kama moshi wa jikoni asubuhi, unazunguka bakuli lote. Ilikuwa shingo, na chini yake miguu minne, na ubavu wa jahazi. Udongo ulikuwa umeshakunywa rangi kabla ya sponji kufika, na ule moto wa nyuzi 1,300 hivi ukaitoa nje.

Nilimwita. Alilishika kwa mikono miwili, akalizungusha, akalizungusha tena. "Hakufutika!" Alilipeleka kumwonyesha mlinzi wa jengo, akaenda kumwonyesha muuza matunda, na akapiga picha akamtumia nyanyake Malindi.

Kwa hiyo nikisema msiende nitakuwa nadanganya. Nendeni Jingdezhen. Nendeni Yaoli hasa, mtoto akasikie ile michi. Ila kwa kampuni hii? Nilipoliona bakuli nilikimbilia kuweka nyota tatu, kisha nikajiuliza namshukuru nani, maana kampuni ilifanya kila iwezalo twiga yule asiwepo. Nikaondoa moja. Zimebaki mbili: moja ya mafundi wa tanuri, ambao nina hakika waliona ule mstari walipokuwa wakipaka maji ya kung'arisha, na hawakuukwangua. Ya pili ni ya mzee wa Yaoli na unga wake. Ya tatu ninayo, nitairudisha siku mwalimu yule atakapompigia simu binti yangu amwombe radhi. Namba yetu wanayo.