Uzoefu wangu na Galileoscope, darubini ya kuunga mwenyewe

Nilipoona vile vipande mezani, kusema kweli sikufurahi. Klabu yetu ya sayansi ilikuwa tayari na darubini iliyokamilika, kubwa na ya kuvutia. Lakini kila tulipoitoa, mambo yalikuwa yaleyale: mtoto anapanga foleni, anachungulia sekunde tano, anasema "nimeona", anaondoka. Alichokiona hakijui.

Galileoscope ilibuniwa kwa ajili ya Mwaka wa Kimataifa wa Astronomia, 2009, miaka 400 tangu Galileo aanze kuchungulia anga kwa darubini. Lenzi yake ya mbele ina kipenyo cha milimita 50. Bomba ni nusu mbili zinazoshikwa na pete. Haihitaji gundi wala bisibisi. Kila kundi la watoto wanne liliimaliza yake ndani ya saa moja hivi, ukiondoa kundi lililogeuza lenzi kubwa nyuma mbele likapata ukungu mtupu. Walifungua, wakabishana, wakafunga upya. Siku hiyo sikuwa na haja ya kuchora miale ya mwanga ubaoni, maana walikuwa wameshaniuliza wenyewe kwa nini picha inatokea juu chini.

Tatizo ni stendi. Darubini inakuja bila miguu, na inakuza mara 25, kwa hiyo ukiishika mkononi hata pigo la moyo linautikisa Mwezi. Ina tundu la skrubu la stendi ya kamera. Tafuta iliyo imara, zile nyepesi zinayumba. Ukiongeza lenzi ya kufikisha mara 50, eneo unaloliona linakuwa finyu na sayari inakimbia kabla mtoto wa pili hajafika. Kulenga nako kunataka subira, maana unakadiria kwa jicho tu juu ya bomba. Na jambo moja halina mjadala: isielekezwe kwenye Jua kamwe. Mimi huzifungia kabatini mpaka giza liingie.

Mwezi unapendeza, hasa pale mwanga unapokutana na kivuli. Zohali kwa mara 25 ni kama punje yenye masikio. Hata Galileo mwenyewe, mwaka 1610, hakuelewa masikio yale ni nini. Kwa mara 50, anga likitulia, masikio hayo yanaonekana kuwa pete, na inajitenga kidogo na sayari.

Ila kilichoniteka zaidi ni Mshtarii. Tuliwapa daftari wachore nukta zilizo kandokando yake, yaani miezi yake minne mikubwa, kila jioni. Binti mmoja alichora nne, kesho yake nne zilizohama, siku ya tatu akapata tatu tu, akaanza kufuta akidhani amekosea. Nikamzuia. Io, mmoja wa miezi hiyo, huizunguka sayari kwa takriban saa 42, na kuna nyakati hupita mbele yake au nyuma, usiione. Kesho yake alikuwa wa kwanza kufika, ameshaandika namba "4" pembeni ya ukurasa na alama ya kuuliza.