Gundi nyeupe ya kupimiwa, sokoni Mwanjelwa, Mbeya: inafaa kwa sanamu ya kitambaa cha kanga na magazeti?

Inafaa, ila uijaribu kabla hujanunua nyingi. Paka tone kwenye kipande cha kioo, lilaze ndani mpaka likauke. Gundi nzuri ya mbao huwa angavu na hubanduka kama utando wa maziwa, ukiukunja haukatiki. Iliyochakachuliwa kwa chaki hubaki nyeupe na kupukutika.

Ila Juni na Julai usiisingizie gundi kosa la baridi. Chini ya nyuzi 10 hivi chembe zake hazishikani, nayo hukauka ikawa unga hata ikiwa safi. Usiku wa Uyole, hukohuko Mbeya, unafika huko kabisa. Paka saa nne asubuhi, kisha sanamu ilale jikoni, mbali kidogo na jiko.

Nusu lita inatosha sanamu ya sentimita 30. Kiunzi ni waya wa kufungia nondo, uliokunjwa mara mbili na kusokotwa. Kama unaeleza msiba, malizia mkao hapohapo kwenye waya: mabega yashuke, shingo iinamie mbele. Mwili uliosimama wima hauokolewi na rangi. Magazeti yachane kwa mkono, upana wa sentimita 3, gundi vipimo viwili kwa kimoja cha maji. Tabaka tatu, kila moja likauke kwanza. Ukiharakisha, ndani huota ukungu.

Kwenye kanga ndipo gundi hii inapostahili sifa. Changanya gundi vipimo vitatu kwa kimoja cha maji, lowesha kitambaa, kamua kidogo tu, kitundike kutoka kichwani mpaka chini na uyabane makunyanzi kwa vibanio vya nguo. Kesho yake makunyanzi yamesimama yenyewe, na hayo ndiyo yanayolia. Usiyalainishe kwa brashi. Uji wa ngano ni rahisi zaidi, lakini kanga hulegea kukiwa na unyevu, na mende huufuata.

Kwa chuma haifai. Ukitaka kuongeza kijiko au kifuniko cha sufuria, kitabanduka kwenye waya, kwa hiyo kitoboe ukifunge kwanza. Tena maji ya gundi hutia waya kutu, na madoa ya kahawia hupenya mpaka kwenye kitambaa. Upake waya rangi ya mafuta na uuache ukauke vizuri kabla ya gazeti la kwanza.