Paneli ya chini ya meza au hita ya mirija? Hita za infraredi kwa nyumba za baridi

Kwa nyumba ya Njombe, Makete au Limuru, yenye ukuta wa tofali za kuchoma na bati lisilo na dari, hita ya kununua ni paneli ndogo ya infraredi, yaani inayotoa joto kama miale, ya wati 150 hadi 200. Ni ile bapa, ya sentimita 60 kwa 50 hivi, inayofungwa chini ya meza au kusimamishwa kando ya miguu. Hita ya mirija miwili inayowaka nyekundu, ambayo ndiyo inayojaa madukani kipupwe kikiingia, nayo ina kazi yake, ila ni kazi fupi: dakika 20 za kumwogesha mtoto, au robo saa ya kuvaa asubuhi. Ukiifanya ya kukaa nayo jioni nzima itamaliza LUKU (umeme wa kulipia kabla) na mgongo utabaki wa baridi vilevile.

Sababu iko kwenye nyumba zenyewe. Hita ya feni na ile ya mafuta hupasha hewa. Hewa ya moto hupanda, na pasipo dari inapanda hadi kwenye bati na kutokea kwenye uwazi ulioachwa kati ya ukuta na kenchi. Unaweza kuwasha wati 2,000 kwa saa mbili na sakafu ya saruji isijue. Infraredi haianzi na hewa. Miale inatoka kwenye uso wa moto, inapita, na inageuka joto pale inapogonga ngozi, nguo au ukuta. Ni kama jua la saa nne asubuhi kule Makete: hewa bado ina ubaridi wa usiku, lakini ukisimama juani unavua koti, na wingu likipita unalirudisha mara moja.

Mwili nao unatoa miale yake. Ngozi ikiwa na nyuzi 33 na ukuta ukiwa na nyuzi 13, joto linakutoka kwenda ukutani muda wote hata kama hakuna upepo. Ndiyo maana mtu hukaa chumbani, madirisha yamefungwa, na bado analalamika kwamba kuna baridi inamwingia mgongoni. Paneli inakurudishia joto hilo, lakini kwa upande ule tu inaouelekea. Swali la kwanza basi ni utaiweka wapi na utakaa umbali gani nayo. Wati ni swali la pili.

Tuanze na hita ya mirija, kwa kuwa ndiyo wengi wanayo. Ndani ya kila mrija wa kwatsi kuna waya wa nikromu uliosokotwa kama springi. Nyuma kuna bati la alumini linalong'aa la kuakisi, na mbele wavu wa chuma. Mirija miwili ya wati 400 au 600 kila mmoja, swichi moja ya kuwasha mmoja au yote, basi. Inashika moto ndani ya nusu dakika, na hapo ndipo inapoishinda paneli. Shida inaanza ukishakaa mbele yake. Joto linatoka kwenye eneo dogo lenye ukali mkubwa, kwa hiyo ukisogea hadi nusu mita linachoma, na ukirudi mita mbili halipo. Muundi unaungua huku vigimbi vya nyuma vikiwa baridi. Watu wanageuka-geuka kama mahindi ya kuchoma. Kuongeza wati hakuponyi hilo, kwa sababu upande uliochomeka utachomeka zaidi.

Paneli inatumia njia nyingine: uso mpana wenye joto la wastani. Paneli ya wati 180 ya ukubwa tuliotaja hufika nyuzi 60 hadi 70 juu ya uso wake. Haitoi mwanga wowote, na mtu anayeiona kwa mara ya kwanza hudhani imeharibika. Inahitaji dakika 5 hadi 10 kufikia joto lake. Iweke sentimita 30 kutoka kwenye magoti na joto linaenea kuanzia mapajani hadi vidoleni, polepole, bila sehemu moja kuungua. Si nguvu zake zote zinazotoka kama miale, kwani sehemu kubwa inapasha hewa inayogusana nayo. Hapo ndipo kuifunga chini ya meza, ikitazama sakafu, kunapoleta faida ya pili: ile hewa ya moto haina pa kupanda haraka, inabaki chini ya meza pamoja na miguu yako.

Wajapani wanajua jambo hili muda mrefu. Meza yao ya kotatsu ni meza fupi yenye hita chini yake na mfarishi unaoning'inia pande zote, familia inaingiza miguu ndani. Nyumba inabaki baridi, watu wanabaki na joto. Kitambaa cha meza kizito kinachoshuka hadi usawa wa magoti kinaleta sehemu nzuri ya faida hiyo hapa kwetu, mradi kisiguse uso wa paneli. Kwa hita ya mirija usithubutu kufanya hivyo.

Sasa gharama, kwa hesabu ya Tanzania. Mteja wa T1, yaani wa matumizi ya kawaida, akinunua umeme wa shilingi 10,000 anapata uniti 28 hivi, ukiacha kodi ya jengo, yaani uniti moja ni kama shilingi 357. Hita ya mirija ya wati 1,200 ikiwaka saa nne kila jioni inakula uniti 4.8, karibu shilingi 1,700. Kwa siku 30 ni uniti 144, zaidi ya shilingi 51,000. Paneli ya wati 180 kwa saa zilezile inakula uniti 0.72, chini ya shilingi 260 kwa jioni na kama 7,700 kwa mwezi. Kwa mteja wa D1, yaani wa nyumbani mwenye matumizi madogo, tofauti inauma zaidi. Yeye hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 za mwezi, halafu 350 kwa kila inayozidi, kabla ya kodi. Paneli inaweza kuingia ndani ya hizo 75 pamoja na taa, televisheni na simu. Hita ya mirija peke yake inazivuka siku ya 16 ya mwezi. Paneli ni ghali zaidi dukani, tena kwa mbali, lakini kwa mtu anayekaa mezani kila jioni kipupwe kizima, tofauti hiyo inarudi kwenye LUKU.

Wenye sola wazingatie hesabu ya betri. Betri ya kawaida ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na ile ya maji au jeli haifai kutumiwa zaidi ya nusu. Hizo 600 zinabeba paneli ya wati 180 kwa takriban saa tatu, ukitoa kinachopotea kwenye inveta. Hita ya mirija ingezimaliza ndani ya nusu saa.

Kuhusu kufunga: ubao wa meza wa milimita 18 unataka skrubu zinazoingia ndani milimita 15, zisizidi, la sivyo ncha inatokeza juu. Acha nafasi ya sentimita 2 hadi 3 kati ya mgongo wa paneli na ubao. Paneli nyingi huja na vishikizo vyenye nafasi hiyo. Fundi asivikate ili "ikae vizuri", kwa sababu chipbodi inayopashwa moto kila siku bila hewa hukauka, ikaanza kumeguka kwenye skrubu, na paneli ikaanguka juu ya mapaja ya mtu. Pima urefu ukiwa umekaa: kati ya paja na paneli zibaki angalau sentimita 15. Waya upite pembeni mwa mguu wa meza na ushikwe kwa klipu, usining'inie mbele ya uso wa moto. Meza ikiwa fupi mno, tumia ya kusimama, iliyoegemea upande wa ndani wa mguu wa meza na kutazama miundi.

Kitu kimoja infraredi haikitibu: sakafu. Nyayo zikikanyaga saruji tupu, joto linashuka moja kwa moja kwa kugusana, na hakuna paneli ya wati 180 itakayoshindana na hilo. Tandika mkeka na juu yake kipande cha zulia. Mtu anaweza kurudisha paneli dukani akisema haina nguvu, kumbe tatizo lilikuwa chini ya nyayo.

Themostati ya kuchomeka ukutani, ile inayouzwa pamoja na baadhi ya paneli, haina maana kwa matumizi haya. Inapima hewa ya chumba. Chumba kina nyuzi 13, umeiweka 22, haitazima hata asubuhi. Tafuta paneli yenye kidhibiti chake cha joto la uso na taima ya kujizima baada ya saa mbili au nne. Kama ina hatua mbili au tatu za joto, bora zaidi, kwa sababu baada ya nusu saa miguu ikishapata moto utataka kupunguza.

Hita ya mirija huharibika kwa njia zinazojulikana. Mrija unapasuka hita ikigongwa wakati wa moto. Viunganishi vya ncha za mrija, vilivyomo ndani ya vikombe vya kauri, hulegea kwa kupanuka na kusinyaa kila siku, vikaanza kutoa cheche na kuunguza waya. Ukisikia mlio kama wa kukaanga au ukaona weusi kwenye ncha, chomoa na umpelekee fundi. Bati la kuakisi likijaa vumbi hita inapoteza nguvu na kutoa harufu, kwa hiyo lifute kwa kitambaa kikavu, hita ikiwa imechomolewa na imepoa kabisa. Hita za halojeni, zinazotumia taa badala ya mirija ya nikromu, zina sharti la ziada: ukibadilisha taa yake usiishike kwa vidole vitupu, mafuta ya ngozi huacha doa linalopata moto kuliko sehemu nyingine na taa hupasuka.

Kitufe cha usalama kilicho chini ya hita, kinachozima umeme hita ikianguka, kinahitaji sakafu ngumu. Juu ya zulia nene hakibonyei vizuri, hita inawaka na kuzima yenyewe. Kuna mafundi wanaokifunga kwa utepe wa gundi ili hita "isisumbue". Hita iliyofanyiwa hivyo isiwekwe ndani ya nyumba. Weka kipande cha ubao chini yake na tatizo litakwisha.

Umeme wenyewe pia una la kusema. Nguvu ya hita hushuka kwa mraba wa volti, kwa hiyo umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 190, hita ya wati 1,200 inatoa kama 820 tu. Haijaharibika. Fyuzi ya plagi ni jambo lingine: paneli ya wati 180 inatosha fyuzi ya ampea 3, lakini ya 1,200 inavuta zaidi ya ampea 5 na inataka ya 13. Epuka kuichomeka kwenye ekstensheni nyembamba yenye friji na pasi. Baada ya nusu saa gusa mgongo wa plagi. Uvuguvugu ni kawaida, moto wa kukufanya uondoe mkono ni dalili ya soketi iliyolegea.

Kwa kitanda, infraredi haifai. Blanketi linazuia miale, linapata joto juu tu, na kulala hita inawaka ni hatari. Blanketi la umeme la kutandika chini ya shuka, lenye wati 60 hadi 100, linafanya kazi hiyo vizuri zaidi: washa nusu saa kabla ya kulala, zima ukiingia.

Mwenye kisukari aliyepoteza hisia za miguu asikae karibu na hita ya aina yoyote bila mtu wa kumwangalia, maana ngozi inaweza kuungua asihisi. Hata kwa mtu mzima wa afya, kukaa karibu mno siku nyingi huleta michirizi ya kahawia kama wavu kwenye miundi, ile inayoonekana kwa bibi waliokaa jikoni miaka mingi. Ukiiona, ongeza umbali. Nepi na kanga zisianikwe juu ya hita ya mirija, hata kwa dakika tano. Nafasi ya mita moja mbele yake ibaki wazi.

Pamoja na yote hayo, hita yoyote kati ya hizi mbili ni salama zaidi, tena kwa mbali, kuliko jiko la mkaa lililoingizwa chumbani na mlango kufungwa. Kaboni monoksaidi ya mkaa haina harufu, na familia nzima huweza kulala isiamke. Kama fedha inatosha hita ya mirija tu, inunue hiyo na jiko libaki nje.

Ukiwa dukani, omba ichomekwe. Hita yenye neno infraredi kwenye boksi inaweza kuwa hita ya feni tu. Subiri ishike moto, weka kiganja sentimita 30 mbele ya uso wake, halafu muuzaji apitishe kipande cha boksi katikati. Kama huhisi upepo ukipuliza, na joto likikatika papo hapo na kurudi boksi linapoondolewa, hiyo ni infraredi. Kisha fungua plagi usome fyuzi, tikisa hita karibu na sikio usikie kama kuna skrubu iliyolegea ndani, na uandikiwe risiti yenye namba ya hita.