Nane Iliyolala Angani Kajiado: Tathmini ya Somo la Urubani Wilson

Shule niliyoiendea ni mojawapo ya zile zilizopangana katika Uwanja wa Ndege wa Wilson, jijini Nairobi, na jina lake silitaji kwa kuwa nina lalamiko dhidi yake. Leseni ya rubani binafsi nilikuwa nayo tayari. Nilichotaka ni somo la mizunguko miwili inayotahiniwa Marekani kwa leseni ya urubani wa biashara, yaani shandeli na nane iliyolala.

Maelezo ya kabla ya kuruka yalichukua nusu saa, na hayakuwa ya kukariri. Mwalimu alichora 8 iliyolazwa ubavu kwenye kioo cha dirisha, mstari wa paa la jengo la mbele ukiikata katikati, akasema mstari ule ndio upeo wa macho na pua ya ndege ndiyo kalamu. Tangu hapo sikuhitaji picha nyingine.

Tulipaa kwa Cessna 172, mbuga ikapita chini yetu, tukaelekea nyanda za Kajiado huku milima ya Ngong ikiwa kulia kwetu, tukatulia futi 8,500. Wilson yenyewe iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo tulichokuwa injini isiyo na kisukuma hewa (turbo) hubakiwa na takriban robo tatu ya nguvu zake. Kwa sababu hiyo shandeli, ambayo ni kupanda kwa nguvu zote huku ukigeuka nyuzi 180, haikutupandisha kwa kiasi nilichotarajia. Mwalimu hakulificha hilo. Alinifundisha kwanza kupunguza mafuta kwenye mchanganyiko wake na hewa hadi injini ingurume sawasawa, jambo ambalo anayejifunzia Malindi huweza kulichukulia kwa wepesi mno.

Nane iliyolala ndiyo iliyonitoa jasho. Pua inapanda, bawa linainama polepole, na ukishageuka nyuzi 90 ndege inakuwa juu kabisa na mwendo wake mdogo kabisa, pua ikikata upeo wa macho kuelekea chini. Ukifika nyuzi 180 unapaswa kuwa umerudi kwenye kimo na mwendo ulioanzia, kisha unageukia upande wa pili. Mara tatu za mwanzo kijipira cha kwenye dashibodi, kinachoonyesha kama ndege inateleza kando, kilikimbilia kulia, na kila mara nilisikia sentensi ileile: “Mguu wa kulia umelala.” Mwendo unapopungua na injini ikivuta, pua hutaka kwenda kushoto, na mguu huo ndio unaoizuia. Mara ya nne firimbi ya bawa, inayoonya kwamba bawa linakaribia kupoteza nguvu ya kuinua, ilianza kulia kwa sauti nyembamba, naye, badala ya kuninyang’anya usukani, akangoja nilegeze mkono mwenyewe. Kwangu mimi, kungoja kule kulistahili ada yote.

Ila ada yenyewe ndiyo lalamiko langu. Saa huhesabiwa tangu injini inapowashwa, nasi tulikaa dakika 19 kwenye foleni ya kuruka, propela ikizunguka kwa pesa zangu, bila mtu wa ofisini kunidokezea mapema kwamba saa tatu asubuhi ndiyo saa ya msongamano. Vipokea sauti navyo vilikuwa vimechakaa sifongo.

Nimeshajiandikisha kwa somo la pili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati foleni ni fupi na hewa bado ni baridi na nzito.