Klia ya Tamiya X-22 kwenye joto la Mombasa: uzoefu wangu

Kwa ndege za plastiki za kuunganisha, za kipimo cha 1/72 na 1/48 ya ndege halisi, klia (koti la juu lisilo na rangi) ninayotumia ni Tamiya X-22, ile akriliki ya kung'aa inayouzwa kwa chupa ya mililita 10 au 23. Chukua ya 23, maana klia huisha haraka kuliko rangi yoyote. Hukumu naitoa mapema: kwa pwani ni klia nzuri sana, lakini si kwa thina yake yenyewe ya X-20A, wala si kwa saa yoyote ya siku.

X-20A ina asili ya spiriti na hukauka upesi. Kwa joto letu matone hukauka yangali hewani, yakifika kwenye bawa hayaungani, na unabaki na uso wenye chembechembe unaokwaruza kidole. Spiriti ya duka la dawa ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa inakauka haraka kuliko hiyo. Dawa yake ni Mr. Color Leveling Thinner ya GSI Creos. Ndani yake mna kichelewesho, hivyo klia hukaa majimaji kwa muda, ikajitandaza yenyewe, ndipo ikaanza kushika. Makoti ya kwanza nachanganya klia na thina nusu kwa nusu. Koti la mwisho, klia sehemu moja kwa thina moja na nusu. Thina ya maduka ya rangi za magari usiitie ndani kabisa: ni kali, inaweza kula plastiki na rangi iliyo chini. Kazi yake ni kuoshea kikombe na sindano vya brashi ya hewa, kile kifaa cha kupulizia rangi, na hapo inafaa sana kwa bei yake.

Adui mkubwa kuliko joto ni unyevu. Thina inaporuka huondoka na joto la uso wa ndege. Uso ukipoa, mvuke ulio hewani hugeuka maji juu ya klia mbichi, na klia inakuwa na ukungu mweupe kama maziwa. Kwenye ndege nyeupe ya abiria huenda usiuone, lakini kwenye kijani cha kijeshi au bluu ya bahari unaonekana toka mlangoni. Asubuhi Mombasa hewa huwa nzito. Saa nane mpaka saa kumi mchana ndiyo nafuu, na chumba chenye eyakondishena ni bora zaidi kwa sababu inakausha hewa. Feni haikaushi chochote, inaleta vumbi tu. Wakati wa masika mvua ikinyesha, acha kabisa. Ukungu ukishaingia usikimbilie msasa: ngoja hewa iwe kavu, kisha pulizia Leveling Thinner tupu, nyepesi sana. Klia inalainika, maji yanatoka, uso unarudi kuwa wazi.

Kompresa nayo inavuta hewa hiyo hiyo. Ikiikandamiza, maji yanajikusanya kwenye tangi na bomba, halafu yanatemwa tone moja katikati ya bawa. Kichujio kimoja kwenye geji hakitoshi huku. Weka cha pili kidogo karibu na mkono, chini ya brashi ya hewa. Tangi limwagwe maji kila ukimaliza kazi.

Sindano ya 0.3 mm, presha psi 15 hadi 18, umbali sentimita sita hadi nane. Makoti mawili ya kwanza yawe matone mepesi ya kunyunyiza tu, kwa kupishana dakika kumi. Usiyaruke, kwa sababu Leveling Thinner ni kali kuliko X-20A: ukiimwaga nzito mara moja juu ya akriliki inaamsha rangi ya chini, na juu ya dekali (alama nyembamba zinazobandikwa kwa maji) inaweza kuzikunja. Halafu ndiyo koti lenye maji. Hapa usiiangalie klia, angalia taa. Inamisha bawa mpaka uone mwanga wa balbu ukijirudisha. Mwanzo kingo za mwanga zina meno meno. Brashi ikipita zinalainika, na zikinyooka tu, songa mbele. Ukirudia pale pale kwa pupa, klia inakimbilia pale bawa linapokutana na mwili, inajaza mistari ya paneli na kufanya kidimbwi ambacho hakikauki sawasawa.

Kukauka ni subira. Mkononi huonekana kavu baada ya saa chache, lakini alama za vidole zinaingia. Kabla ya dekali mimi nasubiri saa 48, masika zaidi ya hapo. Kipimo changu ni pua: ukiikaribia ndege ikinuka thina, bado. Shika kwa glavu au kijiti kilichopachikwa kwenye tundu la injini, maana jasho la huku lina chumvi. Tepu ya kuziba rangi pia isilale usiku kucha juu ya klia mpya. Ibandike kwanza kwenye kiganja ipunguze gundi, na ukiitoa ikunje nyuma, usiivute juu.

Faida ya klia hii inaonekana kwenye dekali. Juu ya uso wa mati, yaani usiong'aa, hewa hubanwa chini ya filamu na dekali inang'aa fedha; juu ya X-22 iliyonyooka, pamoja na Mr. Mark Softer kidogo, ile dawa ya kulainisha dekali, inalala kama imepakwa. Panel Line Accent Color ya Tamiya, rangi nyepesi ya kutia kwenye mistari ya paneli, ambayo ni enameli, inapita juu yake bila kuidhuru iwapo imekauka barabara. Futa kwa pamba iliyolowa kidogo tu, usiloweshe, maana thina ya enameli ikiingia kwenye plastiki tupu inaweza kuipasua.

Vumbi likinasa, subiri wiki, kisha msasa wa maji 2000 na 3000, bila kugusa kingo wala ribiti. Ukitaka mati, tia X-21, ile ya Tamiya ya kuondoa mng'ao, ndani ya X-22, moja kwa nne. Ukizidisha unapata unga mweupe juu ya rangi nyeusi, na huo hauondoki kwa kufuta.

Leveling Thinner inashika moto, kwa hiyo wauzaji wengi wa nje hawaitumi kwa ndege. Ukiipata, beba chupa ya mililita 400 badala ya 110, na usioshee brashi kwayo.